Nilivyomsemea Hamadi kwa Mholanzi

Ipo Jumapili moja, mwanangu, ambayo nilirudi nayo kutoka London pamoja na stashahada yangu ya umeme, na katika viwili hivyo ni stashahada tu niliyoitundika ukutani.

Nilikwenda Uingereza na begi moja. Nilisoma huku nafanya kazi, na nyumba hii ya Tanga nimeitandazia nyaya mwenyewe, kila swichi. Na huko nilikuwa mrushaji wa timu yetu ya besiboli, Stratford. Mrushaji husimama katikati ya uwanja na kumtupia mpira mwenye gongo ili aukose, na macho ya watu wote huwa kwake. Mimi sikukubali kusimama pengine popote. Nilikuwa hodari, hilo silifichi.

Tulikuwa na mwenzetu kutoka Pemba, Hamadi, mpanga bidhaa katika duka kubwa. Wachezaji wetu wengi walikuwa madereva wa mabasi na watunza wazee, watu wa zamu, na kila Jumapili wawili watatu walikosekana. Hamadi akifika, salamu hazijaisha, anauliza, "Leo nani hayupo?" Akishaambiwa hufungua mfuko wake, maana nafasi nyingine huhitaji glavu za aina yake, akachagua moja na kwenda kusimama mahali pa mtu.

"Kiraka," nilimtania, "lini utapata kwako?"

"Kwangu Wete, Injinia. Hapa nimepanga tu."

Watu walicheka, nami nikacheka, lakini nilikuwa naona. Mdakaji asipokuja, Hamadi aliidaka mipira yangu vizuri kuliko mwenyewe. Siku bega liliponiuma alirusha yeye, na tukashinda. Hiyo ndiyo iliyonikaa kooni.

Jumapili ninayokwambia alikuja mzee wa Kiholanzi kutoka timu ya kulipwa ya kwao. Alikuwa na mkataba mmoja wa kutoa, na sote tulijua. Nilirusha mpaka bega likawaka. Nilipopumzishwa, akaja kukaa karibu nami kwenye benchi na kidaftari chake.

"Yule pale," akauliza akimwonyesha Hamadi, "anacheza nafasi gani hasa?"

Hapo ndipo nilipokosea, mwanangu. Ningeweza kusema sijui. Nikasema, "Yule hana nafasi. Kila wiki yuko pengine. Asipokuja mdakaji anadaka, asipokuja wa mwisho kushoto mwa uwanja anakimbia huko. Ni wa kuzibia mapengo."

"Na halalamiki?"

"Hata hajui kulalamika. Anauliza tu nani hayupo."

Akaandika. Nikaona nimemmaliza. Nikamuuliza kama ameuona urushaji wangu.

"Nimeuona, mzuri," akasema. "Warushaji ninao. Huyo unayemsema ndiye niliyekuwa namtafuta."

Wiki mbili baadaye mama yake Hamadi, Bi Asha, aliyekuwa akiishi naye huko London, alikuja chumbani kwangu mtaa wa Queensbury amebeba mkate wa kumimina, bado wa moto. "Yule mzungu kamwambia mwanangu kuwa ni wewe uliyemsemea," akasema. "Mwengine angemchongea. Mungu akuweke, baba." Akakaa kunitazama nikila. Sijapata kula kitu kigumu kumeza kama mkate ule laini.

Hamadi alicheza Uholanzi, kisha Italia, miaka mingi. Warushaji wenye majina walikuja wakaondoka na mabega mabovu, yeye yupo. Mpaka anastaafu alikuwa amesimama nafasi zote tisa za uwanjani. Nayajua haya kwa sababu nilimfuatilia kwenye simu kila wiki, na akikaa benchi moyo wangu ulitulia. Siku niliyofaulu stashahada yangu, kabla sijampigia mtu yeyote wa nyumbani, nilitazama kwanza kama Hamadi amepangwa. Alikuwa amepangwa. Furaha yangu ikaishia hapo.

Kila mwaka akija Pemba huvuka kunisalimu, na huwaambia wanawe, "Mwamkieni baba yenu huyu. Bila ya yeye ningekuwa bado napanga maboksi." Watoto hunishika mkono, nami napokea shikamoo isiyo yangu.

Sasa nisikilize. Ukifika kazini usiulize kwanza kiti chako kiko wapi. Tazama nani hayupo, ukafanye kazi yake. Mimi nilishika nafasi moja, na bega lilipoisha sikuwa na pa kwenda. Na ukimwonea mwenzio wivu, mwambie mapema, mkiwa bado mnataniana, lingali neno la kuchekwa. Langu limekaa mpaka limeota mvi pamoja nami.

Hamadi anakuja Ijumaa. Nitamwambia kabla chakula hakijatengwa, mbele ya wanawe, na akitaka kuondoka bila kula, nitamsindikiza mpaka mlangoni.

Mungu akupe mikono inayoweza kazi nyingi, mwanangu, na siku utakapomsemea mwenzio jema, ajaalie uwe ulikusudia.