Samaki Niliyemwita Butoyi

Nimekosa, wapenzi, na sitamsingizia shetani. Siku ile shetani alikuwa na kazi zake. Ni mimi.

Jina langu silitaji, kwa aibu. Shule niliishia darasa la tatu, kwa hiyo herufi zikiteleza mnivumilie. Lakini jina la mtu sisahau hata moja, na majina ya wenzangu wote nitayataja, maana wao hawakukosa.

Ninaishi hapa Durban, mtaa wa Umbilo, kwa binti yangu Aline. Aline anasuka watu nywele town, mimi nabaki na mtoto wake, Asifiwe. Wakati ule alikuwa mdogo, hajakaa vizuri. Kila Jumamosi nilimfunga mgongoni na kikwembe, nikashuka town kwa Mama Chantal kununua makayabu, wale samaki wakavu wa chumvi tuliowazoea nyumbani. Nilinunulia akina mama wa jengo zima.

Kurudi ndiyo ilikuwa vita! Taxi za huku, vile vibasi vya abiria wengi, hazitaki samaki. Dereva ananusa mara moja tu: "Hapana, Gogo! Abiria watashuka!" Gogo ndiyo bibi kwa Kizulu. Nasimama pale na mtoto mgongoni, mzigo kichwani, taxi zinapita, jua linatupiga, Asifiwe analia.

Basi Aline alikuwa amenunua puseti, kile kigari cha kusukumia mtoto. Asifiwe akakikataa katakata, yeye anataka mgongo. Kigari kikakaa bure mlangoni. Siku moja akili mbaya ikaniingia. Nikaenda nacho town, nikalaza makayabu ndani, nikawafunika blanketi la mtoto, nikawavalisha na kofia ya sufu. Samaki na kofia!

Taxi ya kwanza ikasimama. Dereva, Bonga jina lake, akashuka mwenyewe kunipokea.

"Gogo! Wako wawili?"

Hapo ningesema hapana. Nikasema, "Mapacha."

Uwiii! Taxi nzima ikapiga vigelegele.

Kwetu Uvira, Kongo, pacha wa kwanza anaitwa Bukuru, wa pili Butoyi. Basi Asifiwe wangu akawa Bukuru, na samaki akawa Butoyi. Na mapacha kwetu hawachezewi, najua, mama yangu alinifundisha! Mimi nikawachezea.

Bonga akanyanyua kigari. "Eish! Butoyi mzito! Anakula nini huyu?"

"Anakula vizuri," nikamjibu kwa Kizulu changu cha sokoni.

Mama mmoja, Zodwa, abiria wa kila Jumamosi, akainama amwone. Moyo karibu unipasuke! Nikamzuia mkono. "Mwanangu, kwetu pacha wa pili haangaliwi uso mpaka aote meno."

Mila hiyo haiko popote. Niliitunga pale pale! Lakini Zodwa akarudi nyuma kwa heshima. "Kila kabila na mambo yake, Gogo."

Na harufu? Ilipopanda, abiria wakaanza kuangaliana. Zodwa akaninong'oneza, "Butoyi amejisaidia." Nikasema maskini, tumbo linamsumbua. Jumamosi iliyofuata akaniletea majani ya kumchemshia! Bonga naye akaleta soksi, jozi mbili, kwa sababu mapacha hawapewi mmoja. Kanisani kwao Zodwa wakaliombea tumbo la Butoyi. Tumbo la samaki, jamani, ambalo lilishapasuliwa likatiwa chumvi!

Ningeacha. Sikuacha. Kusafiri kulikuwa kutamu mno.

Jumamosi moja nikashuka Umbilo Road kama kawaida. Njia ya kwetu inapanda mlima. Nimefika katikati, kikwembe kikalegea, Asifiwe akaanza kuteleza. Nikakiachia kigari ili nimfunge vizuri. Kigari kikaondoka!

Nikapiga kelele. Kelele gani? Ningelia samaki, nani angekimbia? Na taxi ya Bonga ilikuwa bado pale chini kwenye robot, taa za barabarani, madirisha wazi, Zodwa ndani. Nikalia, "Ingane yami!" Ndiyo mtoto wangu, kwa Kizulu. Nikalia tena kwa Kiswahili, "Yesu, mtoto wangu!"

Kuna bwana mmoja alikuwa anapanda, amevaa miwani na shati lililopigwa pasi. Ni Mkenya, anafundisha chuo, jina lake Kiprono. Akakirukia kigari, akakishika. Lakini makayabu ya jengo zima ni mzigo! Kigari kikamvuta yeye, wakateremka wote mbio. Waliokuwa chini waliona nini? Mwanaume anakimbia na kigari cha mtoto, na bibi kizee nyuma analia.

Wakamdaka.

"Mwizi wa watoto! Mtoto wa Gogo huyo!" Bonga ndiye aliyemshika shingo.

Kiprono akajieleza kwa Kiingereza, hakuna aliyesikiliza. Kofi! Miwani ikaanguka, ikakanyagwa. Mmoja akaanza kuvua mkanda. Mimi nikafika nahema. Aliponiona akaniita bibi kwa Kiswahili cha kwao, "Shosho, waambie! Kigari kilikuwa kinateremka, nilikuwa nakizuia! Tafadhali waambie!"

Kiswahili pale hakuna aliyekielewa ila mimi.

"Anasema nini, Gogo?" Bonga akaniuliza.

Nikanyamaza. Nilizifikiria zile soksi. Nikafikiria yale maombi, na uso wa Zodwa. Nikanyamaza! Ngumi ikatua mdomoni mwa yule bwana, damu ikashuka kwenye shati.

Mtu akasema, "Mfunueni mtoto, tuone kama ameumia." Nikajua nimekwisha. Kumbe bado! Zodwa akajitupa mbele ya kigari, mikono ameitandaza. "Msimwangalie! Hajaota meno!"

Na umati wote ukageuza uso. Bonga, bado amemkaba Kiprono, akafumba macho kabisa. Nilikuwa nimedanganya watu wenye heshima kiasi hicho!

Damu ile ikanishinda. Nikasema, "Mwacheni. Alikuwa ananisaidia. Humo hakuna mtoto. Iko samaki."

"Maskini," Zodwa akalia, akanikumbatia. "Uchungu umemtoa akili."

Ikabidi niingize mkono. Nikamshika Butoyi mkia, nikamwinua juu na kofia yake.

Robot ikawa kijani, hakuna gari lililotembea.

"Butoyi?" Bonga akaita, polepole.

Halafu mmoja akacheka, wakacheka wote, simu zikatoka, video zikapigwa. Asifiwe naye mgongoni akacheka na wanaocheka! Lakini Bonga hakucheka. Alipanda taxi yake bila kuniangalia. Zodwa akasema, "Gogo, huyo mimi nilimfungia. Siku nzima sikuonja kitu." Kiprono alikuwa amepiga magoti anaokota vioo vya miwani. Nikainama kumsaidia, nikamwambia pole baba, nisamehe.

Akasema, "Shosho, ulikuwa unanielewa."

Basi. Neno hilo nalisikia mpaka leo, nikiosha vyombo, nikisali.

Aline aliiona video kwenye simu ya mteja, na maneno ya Bukuru na Butoyi chini yake, vidole vyake viko katikati ya nywele za mtu. Aliporudi aliniuliza neno moja: "Mama, Bukuru?" Mtoto aliyemwita Asifiwe kwa kumshukuru Mungu, mimi nimembadilisha jina awe pacha wa samaki!

Siku zimepita, Asifiwe amekua, sasa anakubali kukaa kwenye puseti. Wiki iliyopita nilikuwa nampandisha mlima ule ule. Gurudumu likanasa, nikalivuta, kigari kikaanza kunirudia. Nikakizuia kwa kifua, miguu inateleza. Kiprono alikuwa karibu, anateremka.

"Baba Kiprono! Nisaidie! Mtoto!"

Akasimama. Nikaona mikono yake inataka kuja. Halafu akaitia mfukoni, mmoja mmoja.

"Shosho, samahani," akasema. "Mimi kigari sishiki tena."

Nilikivuta mwenyewe mpaka ukutani, nikakaa chini, nikalia. Asifiwe alikuwa mzima. Sikumkasirikia yule bwana. Nani amemfundisha kusimama kando, kama si mimi?

Akina mama, akina bibi, mnaozunguka na watoto katika miji ya watu: mwenye mtoto anapishwa, anapokewa mzigo, anakimbiliwa na wasiomjua. Wema huo ni wa watoto, usiuchukue kwa shida zako. Na kama umeshadanganya, sema mapema, kabla mtu hajapigwa kwa ajili yako. Mimi nilichelewa ngumi moja tu, na sasa mjukuu wangu wa kweli akiteremka mlima, mtu ambaye angekuwa wa kwanza kumkimbilia ameweka mikono mfukoni.