Tangi la Pembe Nne

Saa tatu asubuhi, fundi wa matangi amesimama uani kwake, mpira wa maji mkononi, akilikodolea macho tangi ambalo hakutaka kulitengeneza. Mengine yote uani ni ya duara. Hili lina pembe nne, kwa sababu wifi yake, dada wa mumewe, anataka likae vizuri kwenye kona ya paa lake.

"Nilimwambia, wifi, maji hayapendi kona," anasema. "Yanasukuma kila upande. Likiwa la duara, bati lote linabeba pamoja. La pembe nne linavimba tumbo, mzigo wote unakimbilia kwenye maungio."

Wifi alidai fundi anajitafutia urahisi. Hakukosea sana: tangi la duara la lita elfu moja mama huyu hulibiringisha peke yake hadi getini. Hili lilihitaji wanaume wanne kulisogeza tu.

"Ukimkatalia wifi utajieleza mpaka uzeeni," anacheka.

Jambo moja hakukubali kuliacha. Kila tangi lake hujazwa pomoni na kulala na maji hapo uani kabla ya kukabidhiwa.

Wifi anaingia, amenuna. "Bado tu? Vibarua wananingoja. Limwage, tukalipandishe!"

"Lijae kwanza, wifi yangu."

Bati linaanza kutoa mlio. Ubavu unavimba, kisha kona inachanika kutoka chini hadi juu kwa kishindo. Maji yanaizoa meza ya kazi na kuibamiza ukutani. Mwandishi wa makala haya anajikuta juu ya ngazi, wala hakumbuki amepandaje.

Fundi anakimbilia kufunga bomba. Wifi amekaa kwenye tope, gauni limelowa chapachapa.

"Ile kona ya paa," anasema wifi. "Chini yake ndipo anapolala mtoto wangu."

Fundi anajishika kichwa. Mtoto ana miezi mitano, na yeye ndiye aliyempokea kutoka hospitali. "Mungu wangu! Mimi nilikuwa naogopa bati tu."

Kesho ataanza la duara, pamoja na mnara wa chuma wa kulibeba, mbali na nyumba.

Wifi anainuka taratibu. "Na hilo nalo utalijaza kwanza?"

"Nitalijaza."

"Liache lilale hata wiki nzima."