Bujiku Anavuta

Jua halijachomoza, na Makoye amepiga magoti juu ya mbao zinazofunika shimo la zamani. Ameinamisha uso hadi pua inakaribia kugusa pengo lililo kati ya mbao mbili. Anavuta pumzi. Anavuta tena.

"Yupo," anasema, akijipangusa umande magotini.

Hakuna moshi. Ukungu umelala juu ya vilima vya Geita, na umande umelowesha kila kitu katika uwanja wa mgodi. Lakini Makoye anasikia harufu ya tumbaku, ile kali inayosokotwa kwa gazeti, na anamjua aliyekuwa akiivuta. Mtu huyo alifia humo chini mwaka 1947, miaka sita iliyopita.

Makoye ni mlinzi wa lango la wachimbaji. Kwa shilingi arobaini na tano kwa mwezi ananusa mashimo kila asubuhi, kisha anawapekua wanaoshuka. Chini kuna baruti, kwa hiyo sigara na viberiti hubaki juu, ndani ya kreti ya mbao, na wenyewe huvichukua jioni. Yeye aliacha kuvuta ili apewe kazi hii. "Pua ya mvutaji ni kipofu," anasema.

Aliyekufa aliitwa Bujiku, kaka wa Melania, mke wa Makoye. Kwa Kisukuma, bujiku ni usiku. Paa la shimo lilimwangukia na mwili haukupatikana. Mgodi uliweka mbao juu, basi.

Kwa kuwa marehemu alikuwa haweki chini msokoto wake wa tumbaku, wenzake hawakutaka akae bila tumbaku. Kabla ya kushuka shimo la jirani, kila mmoja aliwasha sigara, akavuta mara moja, akaitumbukiza penye pengo la mbao. Ilikuwa salamu, na ilikuwa kinga.

"Sikuwakataza," anasema Melania, ambaye amemletea mumewe uji. "Kaka yangu hana kaburi. Ningewaambiaje wasimpe tumbaku?"

Mwaka juzi, asubuhi moja, moshi mwembamba ulitoka kati ya mbao. Kwingine watu wangepiga kelele za moto. Hapa walicheka. "Bujiku anavuta," walisema, wakashuka kazini.

Kesho yake alivuta tena. Siku iliyofuata, magogo ya zamani yanayoshikilia kuta, ambayo kumbe yalikuwa yakiungua polepole, yalisukuma moshi kupitia ufa hadi shimo la jirani. Wachimbaji walipanda wakikohoa damu. Mwenzao mmoja, Thobias, hakupanda.

Thobias hakuwahi kuvuta hata msokoto mmoja. Mjane wake alirudi kwao Buseresere na watoto watatu, anafanya vibarua vya kulima. Ndani ya kreti kimebaki kiberiti cha marehemu, alichokuwa akibeba kwa ajili ya jiko la mkewe. Makoye alikikuta siku alipopokea kazi kwa mlinzi aliyemtangulia, na hajakiondoa.

Kumekucha. Foleni inasogea, na Donatus, mchimbaji mwenye kifua kinachokoroma, anatoa pakiti yake kama anayetolewa jino.

"Mzee Makoye, mapafu ni yangu. Nikitaka kuyakausha kama samaki, si hiari yangu?"

"Hiari yako. Yakaushie kwako. Thobias naye alikuwa na yake."

"Donatus akikohoa usiku," anadakia mwenzake wa nyuma, "mkewe anadhani lori la mizigo kutoka Isaka limefika." Foleni inacheka. Donatus naye anacheka, anakohoa, anapita.

Makoye hacheki. Moto ule ulizimwa kwa maji, na tangu hapo hakuna anayetumbukiza sigara. Lakini wiki hii harufu imerudi. Msimamizi alikuja, akachungulia, hakuona moshi. Amepanga kundi jipya lianze Jumatatu kuchimba kando ya ukuta wa shimo hilo hilo. Katika kundi hilo yumo Athanas, mwana pekee wa Makoye na Melania.

Kijana anafika akiwa na sigara sikioni.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Njoo hapa."

Makoye anamshika mkono, anamwongoza hadi kwenye mbao. Karibu zote zimelowa umande. Moja, ya katikati, ni kavu. Anaubandika mkono wa mwanawe juu yake.

Athanas anauondoa upesi, anautazama.

"Ina joto."

"Tangu juzi."

"Ni moto, baba, au ni mjomba?"

"Kama ni moto, mtakufa. Kama ni mjomba wako, anawaonya. Kwangu jibu ni lile lile."

Jibu lake ni kwamba Jumatatu hafungui lango. Leo hii anamleta msimamizi aiguse ile mbao kwa kiganja chake, na atamwomba shimo lijazwe kifusi kabla ya mvua.

"Watakufukuza," anasema Athanas.

"Mlinzi mwingine watampata. Mama yako atampata wapi Athanas mwingine?"

Melania anamimina uji kwenye kikombe, anamkabidhi mumewe. Athanas anaitoa sigara sikioni, anaiweka ndani ya kreti, kando ya kiberiti cha Thobias.

"Uje uichukue jioni," baba yake anamwambia. "Wote waje. Nataka kila jioni kreti hii ibaki na kiberiti kimoja tu. Hicho kinanitosha."