Kadi Alizozijaza Asubuhi

Kila mtoto aliyezaliwa katika hospitali ile kwa miaka kumi na saba alilia mara mbili: mara ya kwanza kwa kuiona dunia, mara ya pili kwa kumwona yeye. Ndiyo maana wakamwita Mama Visigino. Kazi yake ilikuwa kumtoboa kila mtoto mchanga kisigino siku ya tatu, kudondosha matone matano ya damu kwenye kadi nene, na kuituma kadi hiyo maabara kuu. Huko hutafutwa yale maradhi adimu ambayo mtoto huyarithi kwa wazazi wazima kabisa, wasiojua kwamba wanayabeba.

"Hawa watoto wakikua watakudai viatu," mkunga mwenzake alizoea kumtania.

"Wanidai tu. Mradi wakue."

Alitoka nyumba yenye heshima. Baba yake alikuwa fundi cherehani ambaye hakuwahi kumkabidhi mteja nguo yenye uzi unaoning'inia, na binti aliurithi mkono ule. Kadi zake hazikuwa na tone lililopanda juu ya jingine. Alizilaza kwenye rafu ya waya, mbali na jua, saa nne nzima zikauke, na ole wake mwanafunzi aliyeweka kikombe cha chai karibu. Wanaosema leo kwamba alikuwa mzembe hawakuiona rafu ile.

Kosa lake lilitokana na bidii. Asubuhi, kabla hajaingia wodini, alikaa mezani akajaza kadi za siku nzima kwa mambo yasiyobadilika: jina la hospitali, jina lake, tarehe, na kile kisanduku cha chini kinachouliza, "Ameongezewa damu?" Hapo alitia alama penye Hapana. Watoto walioongezewa damu walihesabika kwa vidole, nao aliwaandikia kadi mpya. Kwa njia hiyo, mtoto alipolia, mikono yake miwili ilikuwa ya mtoto. Hakuna aliyewahi kumkataza. Wakubwa walimsifu kwa wepesi.

Ilitokea siku yake ya mapumziko. Mtoto wa kike, umri wake siku moja, aligeuka manjano mpaka kwenye weupe wa macho. Damu yake na ya mama yake hazikupatana, na daktari wa watoto akaamua abadilishiwe damu upesi. Bibi mzaa baba, mwalimu mkuu mstaafu ambaye watu wote walimwita Mwalimu tu, alikunja mkono wa gauni kabla hajaombwa.

"Chukueni yangu," alisema. "Damu ya nyumba hii haina doa. Nimezaa watano, hakuna aliyekuja na kasoro hata ya ukucha."

Ikapimwa, ikafaa, mtoto akabadilishiwa. Kanuni ilisema mtoto wa namna hiyo atobolewe kisigino kwanza, kabla damu ya mtu mwingine haijamwingia. Lakini aliyeikumbuka kanuni hiyo kuliko wote alikuwa kwake siku hiyo, anafua mapazia.

Kesho yake Mama Visigino alimkuta mtoto amenawiri, ananyonya kwa pupa. Faili lake lilikuwa ofisini kwa daktari. Akavuta kadi ya juu katika bunda lake, akaandika jina la mama, akatoboa. Matone matano, ya mviringo kama yamepimwa kwa bikari. Ilikuwa kadi nzuri kuliko zote za wiki ile.

Majibu yalirudi siku ya nane: kawaida. Mwalimu alikuja mwenyewe kuichukua karatasi, akaisoma amesimama, akaikunja mara nne na kuitia mkobani.

Siku ya kumi mtoto alirudishwa. Alikuwa anatapika kila akinyonya, amelegea, na umanjano umerudi. Daktari, mtu wa maneno machache, alilishika tumbo lake akahisi ini limevimba. Akalifikiria lile gonjwa ambalo mwili hauwezi kuivunja sukari iliyomo ndani ya maziwa, maziwa yoyote, hata ya mama. Kwa mtoto wa namna hiyo kila funda ni sumu, na dawa ni moja tu: asiyaonje tena. Lakini alipofunua faili akaona karatasi ya maabara. Kawaida. Akalifuta gonjwa hilo katika orodha yake, akaanza kutafuta vijidudu.

Wakamtundikia dripu na kumpumzisha kunyonya. Baada ya siku mbili akachangamka. Wakamrudisha kwa mama, na kufika jioni akalegea tena.

"Huyu mkwe wangu anakula nini?" Mwalimu aliuliza kwa sauti, katikati ya wodi. "Mtoto akiwa kwenye maji yenu ni mzima. Akirudi kwenye titi lake, anaumwa."

Mama wa mtoto, binti mdogo asiyepita miaka ishirini na mbili, aliinamisha uso. "Nakula mnachoniletea, mama."

Mama Visigino alikuwa anapita na trei yake. Alisimama. "Mwalimu, mwache anyonyeshe kwa amani."

"Nimwache vipi? Mjukuu wangu huyu ana damu yangu mwilini, chupa nzima! Niulize mimi."

"Damu yako?"

"Hukuambiwa? Siku ile ya manjano ya kwanza. Mlimtoa yote mkamtia yangu. Isingekuwa mimi, ungekuwa unazungumza habari nyingine hapa."

Trei ilibaki juu ya kitanda cha mgonjwa mwingine. Mama Visigino alikwenda kabatini, akatoa nakala ya kadi, akashuka kwa kidole mpaka kisanduku cha chini. Hapana. Alama yake mwenyewe, nadhifu, ya asubuhi. Maabara waliletewa chembe za damu ya mwanamke wa miaka sitini na minne wakaziona nzima, kwa sababu zilikuwa nzima.

Angeweza kumwambia daktari, "Tupime tena." Lakini kupima tena kungetoa jibu lile lile, maana damu ya bibi ingekaa ndani ya mtoto kwa majuma mengi, na mtoto hakuwa na majuma hayo. Hakukuwa na njia ya kuyafunga maziwa bila kusema kwa nini. Akaiweka nakala juu ya meza ya daktari.

"Nilitoboa baada ya damu. Na hii alama ni yangu."

Daktari aliichukua kadi. "Unajua ukisema hivi kutakuwa na kamati?"

"Kamati ije. Mtoto ananyonya sasa hivi tunavyoongea."

Kamati ilikuja baadaye. Ilimwondoa kwenye kadi, ikampeleka chumba cha kufunga vidonda, naye hakujitetea hata kwa neno moja. Lakini siku hiyo aliyemkabili ni Mwalimu, aliyeshika ile karatasi iliyokunjwa mara nne kama mtu aliyeshika hati ya shamba.

"Imeandikwa kawaida. Kwa muhuri. Leo mnataka kumtoa mtoto titini kwa gonjwa la kurithi? Kurithi kwa nani? Katika ukoo wetu?"

"Mwalimu," Mama Visigino alisema taratibu, "damu iliyopimwa ni yako."

Mwalimu akafungua karatasi, akaisoma upya tangu juu, kama anasahihisha insha ya mtoto wa shule.

"Basi yangu ni safi," alisema mwishowe. "Tatizo limetoka upande wake." Alimwonyesha mkwewe kwa kidevu.

"Hapana. Gonjwa hili haliingii kwa mlango mmoja. Lazima baba abebe na mama abebe, na wote wanakuwa wazima kama mimi na wewe. Hakuna wa kulaumiwa katika hao. Wa kulaumiwa ni mimi."

Mwalimu alimchukua mtoto mikononi mwa mama yake, akampa muuguzi. Hivyo ndivyo alivyokubali asinyonyeshwe tena.

Maziwa ya soya yalipatikana kesho yake, kopo moja, kutoka duka la dawa la mji wa pili. Mtoto alikunywa vijiko vinne. Lakini ini lilikuwa limeshachoka, na vijidudu, ambavyo hupenda miili iliyodhoofishwa na sukari ile, vilikuwa vimeshaingia kwenye damu. Dawa zilibadilishwa mara mbili. Mama Visigino alikuja kila siku, hata siku zisizo zake, akasimama miguuni pa kitanda bila kazi yoyote mikononi. Siku ya kumi na saba, kabla ya saa sita mchana, mtoto alikata roho.

Mwalimu alimfuata daktari mlangoni. "Utaandika maambukizi," alisema. "Ni kweli pia, siyo?"

"Nitaandika yote mawili."

Mwalimu akageuka bila kuaga.

Mama wa mtoto alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda. Kifua cha gauni lake kilikuwa kimelowa, duara mbili. Mama Visigino akakaa kando yake.

"Mwanangu, maziwa yako hayakuwa na kosa. Ukija kupata mwingine, njoo mapema, apimwe kabla hajanyonya hata tone."

"Usinitajie mwingine."

"Sawa."

Ng'ambo ya pazia mtoto wa mtu mwingine alianza kulia, na duara zile zikapanuka. Binti akazitazama kana kwamba si zake.

"Haya yataacha kutoka lini?"

"Wiki mbili. Wengine tatu."

"Nikiyakamua yanaongezeka?"

"Yanaongezeka."

"Basi sitayakamua," alisema, akafunga vifungo mpaka shingoni, akainuka.