Kuku wa Kumuaga Nyanya

Nilipanga Kitale miaka minane, chumba kimoja katika ploti ya ajuza wa Kiislamu karibu na msikiti. Wapangaji wote tulimwita Nyanya. Mimi nilikuwa Mkristo wa Kabuchai, Bungoma, mwalimu wa chekechea, sina mume. Ulimi hauna mfupa, na wangu hata gegedu haukuwa nayo, lakini Nyanya alinivumilia. Kila Ramadhani, magharibi ikishaadhiniwa, alinigongea mlango na mahamri na uji wa pilipili manga, kana kwamba nami nimefunga. Nilikuwa nimeshiba githeri ya shule tangu mchana, na bado nilikula.

Kisha mama akapooza upande mmoja, na kwa kuwa ndugu zangu wote wana familia, ikaamuliwa bila kuniuliza kwamba nirudi Bungoma. Sikutaka. Husemwa nyumbani ni nyumbani hata kama ni pangoni. Aliyesema hivyo hakuwahi kupanga kwa Nyanya.

Nilitaka kitu kimoja tu kabla ya kuondoka: Nyanya aketi kwangu ale chakula changu. Kwetu mtu wa heshima humuagi mikono mitupu, unamchinjia kuku, na yeye kwa miaka yote hiyo alikuwa akiniambia, "Siku nyingine, mwanangu." Safari hii alikubali.

"Haya. Jumamosi nitakula kwako."

Jumamosi hiyo kaka yangu alifika na pikapu ya kuazima, na kuku wa kienyeji aliyetumwa na mama. Vyombo vyangu vilikuwa vimeshafungwa kwenye magunia, kwa hiyo Nyanya aliniazima sufuria yake kubwa, ile ya pilau ya Idi. Nikabandika maji jikoni, nikamfunga kuku mguu karibu na mfereji. Mzee wa msikitini, aliyekuwa akituchinjia sote pale plotini, angekuja baada ya swala ya adhuhuri. Nikatoka kununua vitunguu na dhania.

Niliporudi, manyoya yalikuwa yametapakaa hadi mlangoni. Kaka yangu alikuwa amemchinja kuku mwenyewe, kisha akamtumbukiza mzima mzima, na damu yake, katika maji ya moto ya sufuria ya Nyanya ili amnyonyoe.

"Si nimekulahisishia kazi bana!" akasema, anacheka. "Ati mwanaume yuko hapa na kuku inangoja mzee ya msikiti?"

Nilimtukana kwa Kibukusu matusi ambayo mwalimu wa chekechea hafai kuyajua. Hayakusaidia kitu. Muda wa kutafuta kuku mwingine haukuwepo: mwenye pikapu aliitaka kabla ya giza, na mawingu yalikuwa yameshaufunika Mlima Elgon.

Nyanya alitoka kuswali, amevaa leso mpya. Alikuwa amejipamba kuja kula kwangu. Nikamwambia ukweli, kwani manyoya yalikuwa yameshasema. Aliichungulia sufuria.

"Basi huyo ni kibudu, mwanangu. Mimi siwezi kula."

"Nyanya, nisamehe. Hakujua."

"Najua hakujua."

Hakukasirika. Heri angekasirika, ningejua la kujibu. Aliketi kwenye kigoda changu, tumbo tupu, akatutazama tukipakia kitanda na magunia. Kaka yangu alimfunga yule kuku kwenye gazeti bila kuinua macho.

Niliisugua sufuria kwa majivu, nikaisuuza, nikaisugua tena mpaka vidole vikauma. Nikampelekea kwa mikono miwili. Nyanya akainua kiganja, hakuipokea.

"Nenda nayo."

"Lakini si ndiyo ya Idi?"

"Nenda nayo, mwanangu."

Sauti ilikuwa ya upole, lakini alikuwa ameshanigeuzia mgongo anafungua mlango wake, sikumwona uso. Pikapu ikapiga honi. Nililia tangu Kitale hadi Misikhu, na kaka yangu alidhani namlilia mama.

Nilisema nitarudi kumuuliza kama ilikuwa zawadi au najisi. Mama hakuweza kuachwa peke yake hata siku moja, na habari za kifo cha Nyanya zilinifikia arubaini ikiwa imeshasomwa. Sufuria bado ninayo, na ndiyo niliyompikia mama uji mpaka naye akaondoka. Wageni huisifu kwa uzito wake, wakauliza nilipewa na nani. Huwa nawatajia Nyanya, ingawa mpaka leo sijui kama nilipewa.