Niangalizie Duka

Shemeji yangu, fundi cherehani, alikuwa na duka chini ya ghorofa letu jipya, mimi nikikaa juu yake. Barabara ilipopanuliwa bila kuachwa mahali pa kuvukia, wateja wa miguu wakakauka. Kukawa kimya hata nikawasikia mende wakibishana bei.

Kinyozi wa duka la jirani ndiye aliyeanza. Alimwambia fundi, "Niangalizie duka, narudi sasa hivi," akaondoka asirudi tena. Akafuata muuza viatu kwa maneno yaleyale, kisha mama wa vitambaa. Fundi akabaki na funguo zao shingoni, zikilia kama njuga kila akikanyaga cherehani.

"Usije ukayatamka na wewe maneno hayo," nilimwonya.

"Shemeji, umeanza vituko vyako. Mimi niende wapi?"

Jana mchana cherehani ilinyamaza. Nikasikia funguo zikipanda ngazi polepole, hadi mlangoni kwangu. Nikajifanya nimelala, nikakoroma mpaka sufuria zikatikisika.

Akazitundika kwenye kitasa, na ufunguo wake ukiwemo.

"Najua uko macho, shemeji," akasema kwa upole. "Niangalizie duka."

Habari ya kurudi hakuitaja.