Binti Yangu Aliposema Anahama Konferensi

Habari zenu ndugu zangu wa ukurasa huu. Hamjambo na watoto? Aliye mgonjwa kati yenu, Mungu amguse. Admin, nifichie jina, maana Toronto Waswahili tunajuana.

Mimi ni mama wa miaka hamsini na mbili, mjane, mzaliwa wa Musoma. Shule niliishia darasa la saba. Naishi Flemingdon Park, nafanya kazi ya kuhudumia wazee, na nasali kanisa linaloshika Sabato. Nina mtoto mmoja tu, wa kike. Yuko chuo kimoja ng'ambo ya mpaka, anacheza mpira wa kikapu. Tangu aondoke, naweza kumaliza siku nzima ya mapumziko bila kusikia sauti yangu mwenyewe, ila nikiomba.

Binti yangu Kiswahili anakisikia lakini hunijibu Kiingereza. Sasa wiki tatu zilizopita akanitumia sauti kwenye simu, kwa Kiswahili, kajikaza mwenyewe: "Shikamoo Mama. Sisi nahama konferensi. Hii mpya ni kubwa, iko na pesa mingi. Mimi naogopa. Wewe unaonaje, mimi baki au enda?"

Jamani, nilikaa chini. Kwetu konferensi ni uongozi wa kanisa, ndio unaounganisha makanisa ya eneo zima. Nikajua mwanangu amepata dhehebu la pesa huko, anaacha imani. Sikumpigia kumuuliza. Jumatano kwenye maombi nikasimama nikalia mbele za watu. Mzee wa kanisa akasema, "Mama, tumpigie sasa hivi, shetani hangojewi." Akaweka simu sauti ya juu.

Binti akapokea, nyuma yake nasikia wenzake wanacheka, wako mazoezini. Mzee akaanza, "Binti, usiuze imani kwa sababu ya pesa!"

"Imani gani? Mzee, ni basketi! Konferensi ya basketi!"

Kumbe huko konferensi ni ligi. Chuo kimeongeza bajeti ya kikapu, kinahamia ligi kubwa ya kusafiri kwa ndege, na watasajili wachezaji wapya. Yeye anaogopa hatapata namba. Alikuwa ananiuliza abaki hapo hapo, au ahamie chuo kingine kilichobaki ligi ya zamani. Kanisa likaangua kicheko, mama mmoja akasema, "Afadhali mpira kuliko manabii!" Hata mimi nilicheka. Halafu nikasikia anasema taratibu, "Mama, nilikuuliza wewe. Sikuuliza kanisa." Akakata.

Tangu siku hiyo nikimwandikia ananijibu "fine" basi. Nikipiga hapokei. Ile sauti yake naisikiliza kila nikitoka kazini, nimeshaikariri na makosa yake yote. Mtoto aliyatafuta yale maneno moja moja ili anifikie mimi, na mimi nikampeleka kwa watu.

Na niseme ukweli wote. Miaka miwili sijawahi kumwona akicheza, kwa sababu mechi zao ni Jumamosi. Sijui hata anacheza nafasi gani. Hilo la abaki au aende ningemjibu nini?

Mechi yao ya mwisho kwenye ligi ya zamani ni Jumamosi hii mchana. Jumatatu anampa kocha jibu; yote hayo aliyataja siku ile kwenye simu, kabla hajakata. Hajanialika. Tangu nibatizwe sijawahi kukosa ibada ya Sabato kwa hiari yangu. Nikienda, naona kama namkosea Mungu, na pengine binti ataona aibu kuniona. Nikibaki, ataamua jambo kubwa la maisha yake peke yake, huku mama anaye.

Nishaurini wapendwa, hasa nyie wenye watoto waliokulia huku. Niende nikakae kule nyuma nimtazame tu, au ningoje anipigie mwenyewe? Tafadhali nijibuni kabla ya jua la Ijumaa kuzama. Baada ya hapo simu yangu huwa naizima.